Genge la Frankenstein wakati wa barafu: safari ya Januari katika White Mountains

Ijumaa jioni, Manchester, New Hampshire

Kabla ya kufunga mizigo tunasoma utabiri wa huko juu, si wa mjini. Kileleni mwa Mount Washington kuna kituo cha hali ya hewa kinachotoa utabiri wa vilele kila siku, na mtu wa jimbo hili anayekwenda milimani majira ya baridi huuangalia huo kwanza. Kileleni kwenyewe hatuendi. Ndipo mahali ambapo tarehe 12 Aprili 1934 wapimaji walirekodi upepo wa kilomita 372 kwa saa, rekodi ya dunia iliyokaa zaidi ya miaka 60 kabla ya kuvunjwa. Sisi tunakwenda chini zaidi, ndani ya msitu wa Crawford Notch, bonde jembamba kati ya milima, kwenye genge (ukuta wa mwamba) liitwalo Frankenstein. Lakini upepo wa juu ukichachamaa, bondeni nako hakukaliki. Kesho wanasema asubuhi nyuzi 14 za Selsiasi chini ya sifuri, mchana 7 chini ya sifuri, upepo kidogo, theluji mpya hakuna. Siku ya kwenda ndiyo hiyo.

Tuko watatu. Mimi, shemeji yangu, na rafiki yetu wa Bukavu, ambaye ndiye mwenye gari lenye matairi ya theluji, kwa hiyo ndiye mwenye safari. Shemeji ni mdogo wake mke wangu, mzaliwa wa Marangu, na kabla ya kuja huku alikuwa mgumu, kama wapagazi wa Kilimanjaro wanavyoitwa. Nilipomwambia kwamba mlima mrefu kuliko yote kaskazini-mashariki mwa Marekani una mita 1,917, alicheka hadi akaweka kikombe chini. Geti la Marangu, pale wageni wanapojiandikisha kabla hawajapanda hata hatua moja, liko mita 1,800 na ushee.

"Shem, yaani tunakwenda kupanda geti?"

Nikamwacha acheke. Kilimanjaro barafu inakaa kule juu kabisa, imetengana na msitu kwa mwendo wa siku nzima na zaidi. Ukiwa kwenye miti una tope, mvua na nyani, na ukifika kwenye barafu miti umeshaisahau. Huku kila kitu kiko mahali pamoja. Barafu iko kwenye mizizi, iko juu ya mawe ya kijito, inaning'inia kwenye genge mita chache kutoka bega lako, na njia inapita katikati yake. Hilo haliwezi kuelezwa mezani, ni mpaka mtu alikanyage.

Mizigo yenyewe si mingi ila ina masharti. Hakuna pamba. Fulana ya pamba ikishika jasho haikauki, na jasho likipoa mwilini kwenye baridi kama hii linakumaliza kabla baridi yenyewe haijaanza kazi. Kwa hiyo ni fulana za sintetiki ndani, sufu katikati, jaketi la kuzuia upepo nje, na koti zito la kuvaa tukisimama tu. Glavu jozi mbili kila mtu. Tochi za kichwani, ingawa tunatarajia kurudi mapema, kwa sababu jua la Januari linazama kabla ya saa kumi na moja jioni na bondeni giza huwahi zaidi. Na vile vyuma vyenye meno vinavyovalishwa juu ya buti kwa mpira, ambavyo bila hivyo hata usitoke kwenye maegesho.

Jambo jingine ambalo wageni wengi wa jimbo hili hawalijui: ukipotea au kuvunjika mguu mlimani kwa uzembe wako mwenyewe, sheria ya New Hampshire inaruhusu udaiwe gharama za kukutafuta. Idara ya samaki na wanyamapori inauza kadi ya hiari, dola 25 kwa mtu mmoja na 35 kwa familia, inayokukinga na deni hilo, mradi hukufanya upuuzi wa makusudi. Mimi hununua ya familia kila mwaka. Shemeji aliposikia kwamba mtu anaweza kuokolewa kisha akatumiwa ankara, hakucheka tena.

Rafiki yetu alipiga simu saa tatu usiku: "Mubebe chai mingi. Kule kuko baridi ya kuua."

Jumamosi, Crawford Notch

Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri. Barabara kuu ya I-93 ilikuwa kavu na nyeupe kwa chumvi. Hadi kijiji cha Twin Mountain hakuna cha kusimulia isipokuwa kwamba shemeji alilala na kofia usoni.

Kutoka Bretton Woods, barabara ya 302 inapenya kwenye mlango mwembamba wa mawe kisha inatumbukia bondeni, na hapo ndipo kila mtu anaamka. Kuta zinapanda pande zote mbili, Mount Willey kulia na Mount Webster kushoto, na kwa kuwa miti ya majani mapana iko uchi, unaona mifupa yote ya mlima: mikwaruzo ya maporomoko ya udongo, mifereji iliyojaa barafu, mwamba mweusi pale upepo ulipofagia theluji. Mwezi wa saba ukipita hapa unaona kijani tu.

Mount Willey una jina la familia. Usiku wa tarehe 28 Agosti 1826, baada ya ukame mrefu, ilinyesha mvua kubwa na ubavu wa mlima ukaachia. Samuel Willey, mkewe, watoto wao watano na vibarua wawili walikuwa wakiishi kwenye nyumba ndogo ya wageni chini ya mlima. Wakatoka mbio. Maporomoko yalipofika juu ya nyumba yalikuta mwamba, yakagawanyika, yakapita kushoto na kulia, na nyumba ikabaki imesimama. Wote tisa walifia nje. Tulisimama dakika chache kando ya barabara pale nyumba ilipokuwa. Rafiki yetu alitazama juu muda mrefu, akasema kwao Kivu milima nayo hufanya hivyohivyo, watu wanalala chini ya mlima kwa sababu shamba liko pale, siyo kwa sababu hawajui. Tukarudi garini.

Tulifika kwenye maegesho ya Arethusa saa mbili kasorobo. Kipimo cha gari kilisema nyuzi 6 za Fahrenheit, ambazo ni kama 14 za Selsiasi chini ya sifuri, yaani utabiri haukudanganya. Kulikuwa na magari manne tayari, na watu wawili wakipanga kamba na nyundo za barafu nyuma ya moja wapo.

Mzunguko wetu ni wa kilomita 7 na nusu hivi. Unaweza kuuanza kwa maporomoko ya maji ya Arethusa na kumalizia kwa kushuka genge la Frankenstein, au kinyume chake. Wengi wakati wa kiangazi huanza na maporomoko. Wakati wa barafu mimi nashikilia kinyume: upande wa Frankenstein ni mwinuko mkali, wenye mawe na mabonge ya barafu yanayokata njia, na barafu ni afadhali uipande kuliko kuishuka. Ukipanda, uso na mikono viko karibu nayo, unaona mguu unakwenda wapi. Ukishuka, unautupa mwili mbele ya macho. Nililisema hilo, na shemeji, ambaye ameshuka kutoka Uhuru na mizigo ya watu kichwani, akaitikia kwa kichwa bila mzaha. Kushuka ndiko kunakovunja magoti ya wagumu, alisema, si kupanda.

Tulianza na baridi mwilini makusudi. Koti zito ndani ya begi, fulana na sweta tu. Rafiki yetu alilalamika meno yakigongana, lakini baada ya dakika kumi alikuwa kimya, na baada ya kumi nyingine akafungua zipu ya shingoni. Hapa mwendo unaopimwa ni ule usiotoa jasho. Ukisikia mgongo unalowa, punguza mwendo au vua nguo moja, usisubiri kituo. "Pole pole" ambayo wageni huimbiwa Kilimanjaro kwa sababu ya hewa nyembamba, huku inafaa kwa sababu ya fulana.

Njia inaambaa sambamba na reli kisha inapita chini ya daraja la chuma la Frankenstein. Reli hii ilipasuliwa ubavuni mwa bonde na kufunguliwa mwaka 1875, na daraja lenyewe lina urefu wa mita 150 hivi na kimo cha mita 25 hivi, likivuka korongo kwa miguu ya chuma iliyochongoka. Siku hizi wanaopita ni watalii wa treni. Ukisimama chini yake asubuhi ya baridi unasikia chuma kikilia chenyewe, mlio mfupi mkavu, kinavyojikunja na kujinyoosha jua linapokigusa. Miti nayo inalia. Maji yaliyomo ndani ya shina yakiganda, gome hupasuka kwa kishindo. Mara ya kwanza shemeji alidhani ni bunduki ya mwindaji.

Jina la Frankenstein, nisije nikasahau, halina uhusiano na zimwi la hadithi. Godfrey Frankenstein alikuwa mchoraji wa mandhari, mzaliwa wa Ujerumani aliyekulia Marekani, na karne ya 19 alikuja kuchora milima hii. Lakini wapanda barafu hawakuweza kujizuia: moja ya njia zao maarufu kwenye genge hili inaitwa Dracula.

Na hao wapanda barafu ndio waliotusimamisha. Juu kidogo ya daraja, kati ya matawi, genge lilikuwa limevaa barafu kutoka ukingoni hadi kwenye miti. Nilishaliona kabla, lakini kila baridi hujengwa upya na haliwi lilelile. Siyo mto ulioganda. Ni maji machache sana, yanayochuruzika kutoka kwenye nyufa za mwamba tone kwa tone usiku na mchana, kila tone likiganda juu ya lililotangulia, hadi mchirizi ambao mwezi wa kumi usingejaza kikombe unakuwa nguzo nene kuliko mbuyu mdogo. Ndiyo maana genge lenye unyevu tu linazaa barafu imara zaidi kuliko maporomoko makubwa. Maji mengi hayatulii.

Tulikaa pale pengine nusu saa, tumevaa makoti mazito, tukinywa chai ya kwanza. Kwa umbali ule ukiangalia vizuri unaona rangi zimegawana kazi. Nyeupe ni barafu iliyoganda haraka ikafungia hewa. Ina mapovu mengi na inavunjika kwa sauti ya kikombe. Ya buluu ni nene na safi, haina mapovu, na mwanga ukisafiri ndani yake hupoteza wekundu na kutoka umebaki na ubuluu. Kuna sehemu za manjano, nyingine kahawia kabisa, pale maji yalipopita kwenye udongo na majani yaliyooza au kwenye madini ya mwamba kabla ya kutokea nje. Shemeji alikuwa ameziona barafu za juu Kilimanjaro miaka yote hiyo, kuta nyeupe zilizosimama juu ya mchanga mkavu, zikipungua mwaka hadi mwaka. Ya rangi ya chai hakuwahi kuiona.

Wanawake wawili walikuwa wameshaanza kupanda, mmoja ukutani, mwingine chini ameshika kamba. Nyundo, nyundo, mguu, mguu. Kila nyundo ikipiga vizuri inatoa sauti nzito, *tup*, na ikipiga vibaya inalia kama sahani na kipande kinaruka. Kipande kikubwa kilipobanduka, yule wa juu alipiga ukelele na sote tulirudi nyuma ya miti bila kuambiwa, ingawa tulikuwa mbali. Yule wa chini alitugeukia akatuomba kwa adabu tusikae usawa wa ukuta jua likishapanda, kwa sababu barafu ya upande wa jua huachia mchana. Tukashukuru, tukaondoka.

Kuanzia hapo njia inapanda kwa kona kali. Watu waliopita siku zilizotangulia walikuwa wameshindilia theluji, na kati ya miti kulikuwa na mkanda mgumu wa upana wa mabega. Ndani ya mkanda unatembea vizuri. Ukikosea ukakanyaga pembeni unazama hadi paja, na shimo unaloacha litaganda usiku na kumvunja mtu mguu kesho yake. Rafiki yetu alizama mara moja, akacheka, tukalifukia shimo kwa miguu kabla hatujaendelea. Hiyo ni adabu ya njia huku, na nashangaa wengi wanaoipuuza.

Sehemu ngumu ilikuwa bonge moja tu. Chemchemi ilikuwa imetoka chini ya jiwe ikatandaza barafu ya kijivu juu ya njia, yenye mteremko kama wa paa la bati, urefu wa hatua saba au nane, na chini yake msitu ukiteremka moja kwa moja. Barafu ya kijivu isiyo na theluji juu ndiyo mbaya. Haiumwi na meno mafupi isipokuwa uikanyage kwa unyayo wote. Nilipita mbele, nikipiga kila mguu bapa, goti limelegea. Rafiki yetu alifuata akishika mti wa hemloki. Shemeji alikuja mwisho, na nilisimama juu kumtazama kwa sababu nilitaka kuona. Hakuinama. Alisimama wima kabisa, mikono chini, hatua fupifupi kuliko zetu, akiutua kila mguu kabla ya kuuinua mwingine, kama bado ana kilo ishirini kichwani na yai juu yake. Alipofika alisema meno yale ni raha. Yeye alizoea raba ya mtumba na changarawe.

Juu, kwenye ukingo wa genge, msitu wa misonobari unafunguka ghafla na uko mita mia sita na kitu juu ya usawa wa bahari, mbele hakuna kitu ila bonde. Barabara ya 302 ni uzi. Mto Saco ni mstari mweusi wenye kingo nyeupe, ukielekea kusini hadi Maine. Upepo uliokuwa haupo chini ulikuwa unatusubiri hapa. Ukingo wenyewe una barafu chini ya theluji, hivyo tulikaa nyuma kabisa kwenye miti, na mtu akitaka kupiga picha alipiga kutoka pale. Masharubu ya rafiki yetu yalikuwa yameganda yakawa meupe. Alijipiga picha akamtumia mama yake Bukavu pale pale, maana kwenye ukingo simu inashika mtandao, na jibu lilikuja kabla hatujafunga begi: nani amekulazimisha?

Hatukukaa. Kutoka ukingoni njia inaingia msituni ikaendelea karibu tambarare, na hiyo ndiyo sehemu niliyoipenda kuliko zote, ingawa haina cha kupigia picha. Sprusi na miti ya birchi yenye gome jeupe linalobanduka. Miti mingine midogo iliyokataa kuangusha majani, yamekauka rangi ya shaba na yanacharaza kwa upepo kidogo tu. Nyayo za sungura zilikata njia yetu kila mara. Sungura wa huku hugeuza manyoya kuwa meupe baridi inapoingia, na ana miguu mipana ya nyuma inayomshikilia juu ya theluji tunayozama sisi. Hatukumwona hata mmoja. Waliotuona ni ndege wadogo wa kofia nyeusi, wanaoitwa chickadee, waliotufuata tawi kwa tawi tangu rafiki yetu alipofungua mfuko wa karanga. Ndege mwenye uzito wa barua anapitisha usiku wa nyuzi 20 chini ya sifuri kwa kuteremsha joto la mwili wake na kutetemeka hadi asubuhi. Tuliacha punje chache kwenye kisiki, kinyume cha kanuni.

Kabla ya saa saba mchana tulikuwa chini ya Arethusa.

Ni jina la Kigiriki, la binti wa hadithi aliyegeuzwa chemchemi. Urefu wa maporomoko hutajwa tofauti kutegemea nani anasema, wengine futi 140, wengine 200. Kwa vyovyote ni miongoni mwa marefu kabisa ya jimbo. Yalikuwa yameganda upana mzima, pazia juu ya pazia, na katikati ufa ulioacha wazi mahali maji meusi yalipokuwa bado yanashuka. Ukiweka sikio karibu na barafu unasikia mvumo mzito ndani. Sehemu kubwa ya ukuta huo ina uwazi nyuma, maji yanakimbia gizani na barafu imejifunga nje yake tu. Kwa hiyo hatukusogea kwenye bwawa la chini, ingawa nyayo za watu zilikuwepo.

Chakula kilikuwa chapati zilizokakamaa na mayai ya kuchemsha. Chapati ikiganda haikunjiki, inavunjika. Tulizipasha kwa kuziweka ndani ya jaketi, kwapani, na tukazila hivyohivyo. Chupa za maji tulikuwa tumezibeba zimepinduliwa kichwa chini, ili barafu ianzie kwenye kitako na mdomo ubaki wazi. Hiyo mbinu shemeji aliijua, usiku wa kwenda kileleni wanafanya vivyo hivyo.

Ukishuka kutoka maporomokoni njia inafuata kijito cha Bemis. Samuel Bemis alikuwa daktari wa meno wa Boston aliyenunua kamera mwaka 1840, teknolojia ikiwa changa kabisa, akaja nayo bondeni humu na kupiga baadhi ya picha za mwanzo za mandhari ya Marekani. Baadaye alihamia huku moja kwa moja. Namwelewa.

Hapa tulikutana na vijana wawili wakipanda, jinzi na viatu vya raba, simu mkononi. Mmoja alikuwa ameshaanguka, suruali imelowa gotini na kuganda. Walituuliza bado ni mbali kiasi gani. Rafiki yetu, ambaye ni baba wa watoto wanne na huongea na kila kijana kwa sauti hiyo, aliwaonyesha meno ya chuma chini ya buti lake, akawaambia kipande kilichobaki kina barafu hii hii ila kali zaidi, na kwamba jinzi ile haitakauka leo. Hakuwaambia warudi. Walitazamana, wakapiga picha kijito, wakageuka. Tulishuka nyuma yao taratibu hadi relini.

Saa tisa tulikuwa garini, jua limeshajificha nyuma ya mlima ingawa mbingu bado ni buluu. Tukavuka hadi Lincoln kulala.

Jumapili, Franconia Notch

Miguu imekakamaa, kwa hiyo leo ni matembezi mafupi: korongo la Flume. Kiangazi unalipa kiingilio na kutembea juu ya mbao zilizopigiliwa ukutani. Baridi ikifika mbao zinaondolewa, hakuna malipo, na unaingia kwa kukanyaga kijito chenyewe kilichoganda. Mimi naliona bora hivi.

Korongo lina urefu wa mita 240 hivi, kuta za granite zinapanda mita 20 na zaidi pande zote, na kuna mahali upana haufiki mita nne. Lilichimbwa na maji pale ambapo mwamba mweusi laini ulikuwa umejipenyeza ndani ya granite kama ukuta. Ule laini ukaliwa, granite ikabaki. Aliyelitangaza alikuwa bibi wa miaka 93, Jess Guernsey, aliyelikuta mwaka 1808 akitafuta mahali pa kuvua samaki. Miaka 93. Shemeji alitaka nimsomee tena.

Kuta zote mbili zilikuwa zimeganda na zimekaribiana kiasi kwamba ukinyoosha mikono unakaribia kugusa barafu mbili. Hapa ndipo nilipoiona kwa karibu kabisa: ndani ya nguzo moja ya wazi, upana wa mkono wangu, tone la maji lilikuwa linateremka kati ya barafu na mwamba. Linasimama, linanenepa, linateleza, linasimama tena. Mchirizi wote ulikuwa hai ndani ya kitu kilichoonekana kimekufa.

Na maji hayo yanafanya kazi. Yakiingia kwenye ufa na kuganda yanapanuka karibu asilimia 9, yanausukuma ufa, yakiyeyuka yanaingia ndani zaidi, yanaganda tena. Kilomita chache kaskazini mwa hapa palikuwa na uso wa mzee uliojichonga wenyewe kwenye genge la Cannon Mountain, alama ya jimbo zima, hata kwenye sarafu yake. Watu waliufunga kwa minyororo na vyuma miaka mingi ili usidondoke. Tarehe 3 Mei 2003 ulikutwa umeanguka. Ukipita barabarani leo unaona genge la kawaida.

Flume nayo ilikuwa na jiwe kubwa lililobanwa kati ya kuta mbili, likining'inia juu ya vichwa vya watalii; picha za zamani zinalionyesha. Juni 1883 mvua kubwa ililing'oa likaenda na maji. Tulipofika mwisho wa juu, kwenye maporomoko yaliyozaliwa na dhoruba hiyohiyo, wapanda barafu watatu walikuwa wakisubiri zamu, na mmoja wao akamruhusu shemeji ashike nyundo zake na kupiga ukutani, miguu ikiwa chini. Alipiga ya kwanza, ikateleza. Ya pili ikateleza. Ya tatu ikaingia, *tup*, akabaki ameishikilia kwa mkono mmoja akatugeukia.

"Shem, hizi bei gani?"

Zikiwa mpya, jozi moja inapita dola 500. Alizirudisha kwa mikono miwili. Njia nzima ya kurudi alikuwa kwenye simu akitafuta za mitumba, na rafiki yetu alikuwa anaendesha haraka kuliko nilivyopenda, kwa sababu zamu yake ya usiku inaanza saa nne.